KWA NINI HUKUKWEPA?

(Maoni ya dereva wa lori)

Ndugu wanachama,

Katika ofisi za magari kuna maswali mawili ambayo kila dereva wa safari ndefu atakuja kuulizwa siku moja. La kwanza ni hili: "Kwa nini hukukwepa?" La pili ni hili: "Kwa nini ulikwepa?" Ukimgonga mnyama na gari likavunjika, waulizwa la kwanza. Ukimkwepa mnyama na gari likaanguka, waulizwa la pili. Anayeuliza amekaa kitini, chai iko mezani, naye ana siku nzima ya kufikiri. Wewe ulikuwa na sekunde mbili tu, usiku, na tani 28 nyuma ya mgongo wako.

Haya nitakayoandika ni maoni yangu mwenyewe, wala si maamuzi ya Halmashauri. Lakini naomba yasomwe karakana, yasomwe getini, na yasomwe na wake zetu nyumbani, maana wao ndio wanaongoja simu.

HABARI YA NG'OMBE NA HABARI YA PUNDA

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Mombasa jioni na mzigo wa ngano. Baada ya kupita Mackinnon Road, kabla ya kufika Maungu, ng'ombe wanne waliingia barabarani kutoka upande wa kushoto. Mbele yangu, upande wa pili, taa za gari jingine zilikuwa zinakuja. Sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikanyaga breki, nikashika usukani ukiwa umenyooka, nikapiga honi. Watatu wakavuka. Wa nne nikampiga. Rejeta ikapasuka, bampa ikaingia ndani, taa moja ikazimika. Lori likasimama katika njia yake. Mimi mzima, taniboi mzima, mzigo mzima, na yule aliyekuwa akija upande wa pili akapita salama akaenda zake.

Nilipofika ofisini nilidhani nitaambiwa pole. Niliambiwa, "Kwa nini hukukwepa? Ng'ombe si ukuta." Nikapewa karatasi kwamba bei ya rejeta na bampa itakatwa katika mshahara wangu kwa muda wa miezi sita. Nikatia sahihi. Sikumwita mjumbe wa Chama. Nilisema moyoni, afadhali kukatwa kuliko kufukuzwa, nina watoto shuleni. Hilo ni kosa langu, nami nalikiri hapa mbele yenu nyote.

Habari ile ilienea katika yadi nzima. Kila dereva alijua kwamba fulani alimpiga ng'ombe, sasa analipa rejeta.

Mwaka uliofuata, ndugu mmoja wa yadi ile ile alikutana na punda. Punda, kama mnavyomjua, hakimbii. Husimama katikati ya lami na kutazama taa. Ndugu yule akakata usukani kulia, kisha akaona gari linakuja, akakata kushoto. Tairi za kushoto zikatoka kwenye lami zikashuka kwenye changarawe, mzigo ukalalia upande mmoja, lori likaanguka mtaroni. Taniboi akafa pale pale. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hajaoa bado. Punda hakuguswa.

Nilikwenda hospitali kumwona dereva. Alikuwa amevunjika mguu na mbavu. Hakuniambia habari ya punda. Aliniambia neno moja tu: "Nilikumbuka rejeta yako."

Na alipopona akaitwa ofisini, mtu yule yule, kwenye kiti kile kile, akamwuliza, "Kwa nini ulikwepa? Punda mmoja angekufanya nini?" Akaachishwa kazi.

Ndugu wanachama, hapo ndipo penye shabaha ya barua yangu. Watu husema ajali haina kinga. Lakini mimi nasema kifo cha kijana yule kilitengenezwa ofisini, kwa karatasi niliyotia sahihi mimi. Dereva akishafundishwa kwamba kila kitu kikivunjika atalipa yeye, basi siku ya hatari mkono wake hautafuata akili, utafuata hofu ya mshahara. Atakwepa kila kitu, hata mbuzi, hata mbwa. Na mwenye lori la tani 28 akikwepa mbuzi, anacheza na roho za watu.

HESABU YA BARABARA

Sasa tuangalie jambo lenyewe kama mafundi. Gari halisimami pale unapotaka, husimama pale linapoweza. Kwanza jicho lione, akili itambue, mguu uhame. Hayo huchukua kama sekunde moja na nusu kwa mtu aliye macho na asiyechoka, na wakati wote huo gari linakwenda kwa mwendo ule ule. Kisha ndipo breki zianze kazi yake. Kwa gari lenye breki nzuri, tairi nzuri na lami kavu, hesabu ni kama hivi:

- Kilomita 50 kwa saa: mita 21 kabla ya breki kushika, mita 19 za breki. Jumla mita 40.
- Kilomita 60 kwa saa: mita 25 na mita 28. Jumla mita 53.
- Kilomita 80 kwa saa: mita 33 na mita 49. Jumla mita 82.
- Kilomita 100 kwa saa: mita 42 na mita 77. Jumla mita 119.

Hiyo ni hesabu ya hali njema. Lori lenye breki za upepo lina kasoro nyingine: upepo huchukua muda kidogo kupita katika mipira hadi kufika magurudumu ya tela. Nusu sekunde tu kwa kilomita 80 ni mita 11 nyingine. Mvua ikinyesha, ongeza tena. Tairi zikiwa kipara, ongeza tena. Dereva akiwa amekaa usukanini tangu asubuhi, ongeza tena.

Sasa kumbukeni kwamba taa za chini humulika kiasi cha mita 40 au 50 hivi mbele ya gari. Ng'ombe mweusi hana taa ya nyuma. Maana yake ni nini? Maana yake ukienda kilomita 80 kwa taa za chini, unakwenda upesi kuliko macho yako. Mnyama akitokea mwisho wa mwanga, umekwisha kuchelewa hata kabla hujamwona. Hakuna ufundi wa mikono utakaorudisha mita hizo.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa hesabu hiyo, maana ndio unaotuokoa. Tuseme mnyama yuko mita 60 mbele nawe unakwenda 80. Hutaweza kusimama. Hata hivyo ukikanyaga breki barabara na kukaa katika njia yako, utamfikia ukiwa na mwendo wa 54 hivi, wala si 80. Mwendo huo haupungui nguvu kidogo tu. Nguvu ya pigo huenda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo pigo la 54 halifiki hata nusu ya pigo la 80. Breki ambayo haikukusimamisha bado imefanya kazi kubwa. Basi asiwepo mtu wa kusema, "Alifunga breki bure."

KUFUNGA BREKI NA KUKWEPA

Dereva wa treni hana usukani. Akiona ndovu relini anapiga honi na kufunga breki, basi, na hapana meneja anayemwuliza kwa nini hakukwepa. Mimi nasema dereva wa lori lililojaa mzigo, usiku, ajihesabu karibu sawa na dereva wa treni. Sababu zangu ni hizi.

Lori ni refu kwenda juu na mzigo wake uko juu. Ukikata usukani kwa ghafula, magurudumu huenda upande mmoja na mzigo hutaka kuendelea na njia yake ya kwanza. Ukirudisha usukani kwa ghafula mara ya pili, ule mzigo hurudi kwa nguvu zaidi kama mtoto kwenye bembea. Aghalabu ni mkato wa pili unaoangusha, si wa kwanza. Ndivyo alivyoanguka ndugu yetu. Wenye malori ya mafuta wanajua zaidi, maana mzigo wa maji maji hutembea ndani ya tangi wenyewe, bila kungoja ruhusa.

Tena kuna tela. Ukifunga breki na kukata usukani kwa pamoja, kichwa cha lori huelekea huku na tela husukuma kutoka nyuma, na gari zima hujikunja kama kisu cha mfukoni. Likishajikunja hakuna mtu duniani wa kulikunjua mpaka lisimame lenyewe, na njia zote mbili zimezibwa. Anayekuja upande wa pili na abiria 50 hana kosa lolote.

Tena kuna gari lisilokuwa na breki za ABS. Ukikanyaga mpaka magurudumu yajifunge, usukani haufanyi kazi tena. Geuza utakavyo, gari huserereka moja kwa moja. Hapo hapana budi kuachia kidogo magurudumu yazunguke, kisha ukanyage tena. Lakini gari lenye ABS ni kinyume: kanyaga kwa nguvu na ushikilie, usipige-pige pedali, kwa maana mtambo wenyewe unafanya kazi hiyo upesi kuliko mguu wa mtu. Pedali itatetemeka chini ya mguu, usiogope, usiachie. Kuna madereva wengi waliohamishwa kutoka malori ya zamani hadi mapya na hakuna aliyewaambia tofauti hii. Walipewa ufunguo na karatasi ya safari, basi.

Je, kukwepa ni haramu siku zote? La. Sisemi hivyo. Binadamu akiwa mbele, fanya kila kinachowezekana, hata kama gari litaanguka. Na mwenye gari dogo akikutana na ndovu, au ngamia wa barabara ya Isiolo kwenda Marsabit, mambo ni mengine. Ngamia ana miguu mirefu, bampa humkata miguu, na mwili wote huja juu ya boneti mpaka kwenye kioo na watu waliomo. Hapo kama pana nafasi, kupita kando ni kuokoa roho. Lakini hata hapo utaratibu ni ule ule: kwanza breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, mwendo upungue, kisha ndipo ugeuze kidogo, na ugeuze kuelekea mahali ambapo umekwisha kupaona kuwa ni patupu. Ukigeuza, elekea nyuma ya mnyama, kwenye mkia, maana aghalabu atasonga mbele. Usikwepe kamwe kwenda mahali usipopaona.

Na wanyama nao wana tabia zao, inafaa mwenye kazi azijue. Mbuzi mmoja akivuka, usimtazame yeye, tazama alikotoka, maana wenzake wanakuja. Ndama akiwa upande huu na mama yake upande ule, mmoja atavuka. Mbwa akitokea vichakani, huenda nyuma yake kuna ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe kuna mtoto mwenye fimbo. Pundamilia wa barabara ya Naivasha na Gilgil hukimbia kwa kundi. Paa na swala hupigwa bumbuazi na taa kali. Shusha taa, piga honi fupi, punguza mwendo. Ndovu usimpigie honi wala usimsukume. Simama mbali, zima haraka zako, mwache amalize safari yake. Yeye hana ratiba ya ofisi.

NA MWENYE NG'OMBE JE?

Wako wenzetu wanaosema shida yote imeletwa na wachungaji. Nami nimewahi kusema hivyo, kwa hasira. Lakini mchungaji wengi mnaowaona kando ya barabara si mwenye mifugo. Ni mtu wa mshahara mdogo kuliko wetu, au ni mtoto. Ng'ombe akifa yeye ndiye anayeulizwa, "Ulikuwa wapi?" Yeye naye ana kiti chake cha kuulizia maswali. Wakati wa ukame majani mabichi ya mwisho huota kando ya lami, kwa sababu maji ya mvua hutiririka kutoka barabarani. Ng'ombe hajui mambo ya barabara, anajua majani. Tumpungie mkono mchungaji, tupunguze mwendo, naye atatupungia siku nyingine kutuonya. Kugombana naye ni kugombana na mfanyakazi mwenzetu.

Lawama nyingine iende kwa wanaojenga. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, imepita Tsavo juu ya tuta, na yamejengwa madaraja ambayo ndovu wanapita chini yake. Ni jambo jema. Lakini ndovu akishapita chini ya reli, bado ana barabara ya lami ya kuvuka kwa miguu yake, na huko anakutana na sisi. Tena kule upande wa Mlima Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kuna njia ya ndovu iliyofunguliwa mwaka 2011, na ndovu wanaitumia. Basi imeonekana kwamba inawezekana. Ikiwa inawezekana kwa reli, na inawezekana kwa barabara ya Meru, kwa nini isiwezekane mahali ambapo malori yanapita usiku kucha?

TUJISEME NA SISI WENYEWE

Chama si cha kuficha makosa ya wanachama. Tuyataje.

Wako kati yetu wanaochezea vidhibiti mwendo vilivyowekwa kilomita 80. Wako wanaoteremka milima na gia imetolewa ili kuokoa mafuta na kuuza yaliyobaki. Lori la namna hiyo halina msaada wa injini, breki zimekwisha kupata moto, na mnyama akitokea chini ya mlima ni kuomba Mungu tu. Wako wanaotafuna miraa usiku wa pili ili macho yasifumbe. Macho hayafumbi, ni kweli, lakini akili imelala. Wako wanaofuata gari la mbele mita kumi nyuma, na huyo wa mbele akifunga breki kwa ajili ya mbuzi, wa nyuma anamwingia.

Na wako wanaoshuka kugawana nyama. Ndugu, hili niliseme wazi. Ukimgonga mnyama, sogeza gari kando kama linaweza kwenda, washa taa za hatari, weka pembetatu mbele na nyuma. Watu hukusanyika na visu katikati ya lami gizani, na gari jingine likija wanakufa wengi kwa ajili ya nyama ya ng'ombe mmoja. Na nyama ya mnyama wa porini usiiguse kabisa. Sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 ni kali, na hakuna wakili wa Chama atakayekutoa kwa urahisi ukikutwa nayo ndani ya kabini.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu tunatia sahihi makaratasi kwa kutojua. Basi haya yashikwe kichwani.

Kwanza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu tajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na hata hapo kiasi kiwe cha haki. Kumgonga ng'ombe aliyetokea gizani, huku umefunga breki, si makusudi. Karatasi ile niliyotia sahihi mimi haikustahili hata kuandikwa.

Pili. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa Chama pamoja naye. Mjumbe si mapambo. Mwiteni.

Tatu. Aliyeumia kazini ana haki ya fidia chini ya Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, na aliyekufa, wategemezi wake wana haki ya mapato ya miezi 96. Taniboi ni mfanyakazi. Tajiri asiwaambie wazazi wake kwamba kijana alikuwa "amepewa lifti".

Nne. Ukigonga mnyama wa mtu, simama, na upeleke habari kituo cha polisi mapema, usipitishe saa 24. Ukikimbia umeitupa haki yako mwenyewe. Kabla ya kuondoka piga picha kwa simu: alama za tairi kwenye lami, mahali lori liliposimama, mnyama alipolala. Alama za tairi zilizonyooka katika njia yako ni shahidi ambaye hapokei hongo.

Tano. Sheria ya Trafiki inamwekea dereva wa gari la biashara saa 8 za kuendesha katika saa 24. Ratiba inayokutaka utoke Mombasa na kufika mpakani bila kulala ni ratiba inayovunja sheria, hata kama imepigwa mhuri.

TUNATAKA NINI

Mimi napendekeza kwamba katika mazungumzo ya mapatano yajayo Chama kiweke mezani mambo haya, yaandikwe, yatiwe sahihi.

(a) Iandikwe kwamba dereva aliyefunga breki na kukaa katika njia yake mbele ya mnyama amefuata amri ya kazi, wala hatalipishwa wala kupewa barua ya onyo. Sentensi hiyo moja ingemwokoa kijana yule.

(b) Kila dereva afundishwe kufunga breki kwa ghafula, uwanjani, katika gari lile lile analoliendesha, likiwa tupu na likiwa na mzigo, kwa saa za kazi zinazolipwa. Mtu asijifunze jambo hili mara ya kwanza usiku, Maungu, mbele ya ng'ombe.

(c) Breki, tairi na taa zikaguliwe kabla ya safari na fundi aweke jina lake. Dereva anayekataa kutoka na gari bovu asihesabiwe mkaidi.

(d) Ratiba zipangwe ili sehemu za wanyama zipitwe mchana kila inapowezekana, na panapopitwa usiku muda uongezwe. Mwenye kutaka mwendo wa 50 Tsavo asidai saa za mwendo wa 80.

(e) Chama kiwaandikie wakuu wa barabara na wa wanyama wa porini kuhusu vibao, ua na njia za kupita wanyama, kwa kutaja mahali hasa tunapopajua sisi. Kila dereva alete orodha yake. Hakuna mtu ofisini anayejua punda husimama wapi kama sisi tunavyojua.

Najua tajiri atasema mambo haya ni gharama. Na apige hesabu yake vizuri. Rejeta na bampa kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine lori zima, mzigo wote, fidia ya miezi 96, na mama mmoja kijijini anayeuliza mwanawe alikufa kwa ajili ya punda wa nani. Hata kwa hesabu ya pesa tupu, ng'ombe wangu alikuwa rahisi.

Ndugu yule wa punda sasa anauza vipuri vya pikipiki mjini kwao, anatembea kwa kuchechemea. Nilipomwambia nitaandika habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Waambie tu wasikate usukani." Nimewaambia. Lakini naongeza la kwangu: wasitie sahihi peke yao. Ile karatasi ya rejeta iliniondolea mshahara wa miezi sita tu. Yeye na kijana yule ndio walioilipa yote.

Methali ya ajali haina kinga tuwaachie wenye viti. Sisi tuna nyingine: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mkutano wa tawi ujao njooni nyote, mje na orodha zenu za mahali pa hatari, na aliyewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya mnyama alete karatasi yake. Ile yangu bado ninayo. Nitakuja nayo.

Wenu katika umoja,

Dereva wa njia ya Mombasa